Maji Mekundu ya Mama Pacha

Mama Pacha hutia rangi vitambaa uani kwake. Kila asubuhi huviloweka, huvisuuza, kisha huvianika kambani. Maji ya kusuuzia alikuwa akiyamwaga mtaroni.

Siku moja wifi yake, anayelima mchicha mwisho wa mtaro huo, aliingia bila hata hodi. Alikuwa ameshika mchicha ulionyauka, majani yamejaa madoa mekundu.

"Wifi, umeniua! Wateja wananiuliza kama nauza mchicha wa machinjioni."

"Lakini rangi yenyewe nimenunua dukani!"

"Ya dukani ndiyo iliwe?"

Wifi akaondoka bila kuaga.

Mama Pacha aliacha kumwaga maji mtaroni. Aliyachuja maji kwa kitambaa. Mekundu. Akayaacha yatulie siku mbili. Mekundu. Akayachemsha. Yalipungua, lakini wekundu ukazidi!

"Labda yamerogwa," mumewe alitania.

"Cheka tu. Dada yako hanisemeshi."

Akamwendea Bibi Afya, mhudumu wa afya wa mtaa wao.

"Mwenzangu, sielewi. Nimechuja mpaka mikono inauma."

"Ukikoroga chumvi kwenye maji, utaichuja kwa kitambaa?"

"Haiwezekani."

"Basi rangi nayo imeyeyuka. Inataka kitu cha kuinasa. Maganda ya ndizi yanaweza kunasa..."

Mama Pacha alikuwa ameshafika mlangoni. Nyumbani akatumbukiza maganda mabichi ndooni. Kesho yake maji yalikuwa mekundu, yanateleza, na yananuka. Sasa akachanganyikiwa kabisa. Alirudi akiwa karibu kulia.

"Haraka haraka haina baraka," Bibi Afya alicheka. "Sikuwa nimemaliza! Yaoshe maganda, yaanike mpaka yakauke kau, kisha yatwange. Yatie ndooni, koroga vizuri, yaache yakae, ndipo uchuje. Rangi ikibaki, rudia kwa maganda mapya."

Safari hii Mama Pacha alifuata kila neno. Mara ya kwanza maji yakawa ya waridi. Mara ya pili yakabaki na rangi hafifu tu.

"Sasa yananyweka?" mumewe aliuliza.

"Thubutu!" alisema Bibi Afya, aliyekuja kutazama. "Macho hayaoni kila kitu. Si ya kunywa, wala ya kumwagilia mboga. Suuzia tena vitambaa. Yanayobaki mwaga shimoni, mbali na kisima. Na maganda yaliyotumika usiyatupe mtaroni. Rangi imo humo. Yapeleke jalalani."

Wiki zikapita. Mchicha mpya ukaota bila doa. Asubuhi moja wifi akabisha hodi. Alimkuta Mama Pacha ameinamia ndoo mbili, moja ya maji mekundu, nyingine ya maji karibu meupe.

"Rangi ya hii imekwenda wapi?"

"Imenaswa na maganda ya ndizi."

"Maganda? Haya tunayotupa?"

Wifi aliitazama ndoo moja, akaitazama nyingine. Akavuta kigoda, akakaa, akachukua mwiko.

"Lete nikoroge mwenyewe. Siamini mpaka nione."

"Koroga, wifi," Mama Pacha alisema, akimsogezea ndoo nyekundu. "Ila taratibu, usinipake!"