Maandazi Yaliyobaki

Kila jioni Mama Edna alipofunga biashara yake ya maandazi pale mtaani Ruhuwiko, yaliyobaki yalikuwa ya Edna.

"Kula, mwanangu, yasilale," alimwambia.

Edna, mwanafunzi wa darasa la tano, alikula akishushia soda aliyoletewa na baba yake, Remigi, dereva wa bodaboda. Asubuhi baba huyohuyo alimpakia kwenye pikipiki mpaka getini, ingawa shule haikuwa mbali. Wateja walipomwona walisema, "Mtoto amenawiri! Mnamtunza kweli." Mama alifurahi.

Mwaka huo Edna alitamani kitu kimoja tu: kucheza lizombe, ngoma ya Wangoni, siku ya wazazi shuleni. Lakini siku ya mazoezi, kabla wimbo wa kwanza haujaisha, alisimama, mikono magotini, akihema.

"Edna, kaa hapo tukupige wewe, ngoma yetu imepasuka!" Derick, mwanafunzi mwenzake, alisema. Watoto wakacheka. Edna alikaza macho asilie.

"Derick, koma!" alisema Mwalimu Pankrasi. Kisha akamgeukia Edna. "Nafasi yako naiweka. Ila kwanza mama akupeleke ukapimwe."

Kwenye kituo cha afya, nesi alimpima Edna uzito na urefu, akamsikiliza na kifua.

"Kifua kizima. Uzito ndio umezidi," alisema.

"Mseme huyo, nesi," mama akadakia. "Nyumbani kazi yake kula na kukaa!"

Nesi alimwuliza Edna, "Jana jioni ulikula nini?"

"Ugali na maharage. Halafu maandazi na soda."

"Nani alikupa?"

Edna alimtazama mama yake, akainamisha kichwa.

"Nilimpa mimi," mama alisema kwa sauti ndogo. "Yanayobaki niyatupe, nesi?"

"Mama, mtoto huyu hapiki, hanunui soda, wala hana pikipiki. Tusimseme yeye."

"Sasa nimnyime chakula?"

"Hapana, bado anakua. Badilisheni mlo wa nyumba nzima, na atembee."

Kesho yake mama alikanda unga kidogo. Wateja waliochelewa walinung'unika, lakini sahani ya jioni haikuwa na andazi. Kulikuwa na ugali, samaki na mboga za maboga.

"Soda yangu je?" aliuliza baba.

"Maji yale pale. Na hilo tumbo lako, Baba Edna, nalo lipungue."

Edna alicheka mpaka akapaliwa.

Asubuhi Remigi aliacha pikipiki, akatembea na binti yake. Madereva wenzake kijiweni wakapiga kelele, "Remigi, mafuta yameisha?"

"Yapo tele. Namsindikiza mtoto!"

Siku za kwanza Edna alilalamika miguu inauma. Baadaye akawa yeye ndiye anayemhimiza baba. Mwili haukupungua kwa haraka, ila pumzi ilirudi. Mazoezini alimaliza wimbo wa kwanza, kisha wa pili, na Mwalimu Pankrasi akamweka mstari wa mbele.

Siku ya wazazi ilipofika, Edna alicheza mpaka vumbi likatimka. Jirani aliyeketi karibu na Mama Edna alimnong'oneza, "Mwanao ameacha uvivu."

"Hakuwa mvivu, jirani," mama alijibu. "Sisi ndio tuliomlisha ovyo na kumkalisha, tukiita hayo mapenzi. Mtoto anakula tunachomwekea, anaishi tunavyomzoesha. Mwili wake ukielemewa, tujirekebishe sisi wazazi kwanza. Yeye atatufuata."