Mgeni Aliyekuja na Jiko

Jiko lilikuwa tupu, hata paja la kuku la kujaribia halijaingia, na bado kijiti cha kupimia joto la nyama kilichokuwa kikining'inia hewani kilisoma thelathini na saba.

Anaclet alikigonga kwa ukucha. Thelathini na saba. Akakichovya kwenye glasi ya maji ya bomba, tarakimu zikashuka mpaka kumi na mbili kama inavyopasa. Akakitoa, zikapanda moja moja na kusimama palepale. Na uani hapo, nyuma ya nyumba yao ya chini huko Ixelles, Brussels, jioni hiyo ya Juni kulikuwa na ubaridi wa kuvaa sweta.

"Kitu ya occasion," alisema, akimaanisha mtumba. "Bon, ikipika tu, miye sina maneno."

"Trente-sept njo joto ya muntu," akasema mkewe, Gracieuse, huku akimenya ndizi. Alikuwa msaidizi katika nyumba ya wazee, kutwa anawapima vikongwe joto, na namba hiyo aliijua kama jina la binti yake. Wakacheka wote wawili. Kicheko hicho walikuja kukijutia.

Anaclet hapiti karibu na kitu chenye vibonyezo asikitamani. Jiko lenyewe lilikuwa pipa jeusi lililolazwa, lina magurudumu na mkia wa umeme. Pembeni lina sanduku la peleti, vile vijiti vya unga wa mbao uliobanwa ambavyo ukiviona utadhani chakula cha sungura. Skrubu ndefu inavisukuma motoni yenyewe, feni inapuliza, kazi yako wewe ni kuchagua joto na kukaa. Alilinunua mtaa wa Auderghem kwa mwanamke aliyekuwa akiuza vitu vya marehemu mjomba wake. Mwanamke huyo hakukubali kuingia bustanini. Alisimama mlangoni, akauliza kwa Kifaransa kama mezani kwao wako wengi. Anaclet akamjibu wako watatu, na Jumapili nusu ya kanisa. "Tant mieux," akasema yule mwanamke, afadhali, maana mjomba wake alikula peke yake hapo bustanini miaka kumi na moja.

Sanduku lilikuwa bado na peleti za marehemu, kama nusu hivi. Mwingine angezimwaga. Anaclet alilelewa Bukavu na mama asiyetupa hata ukoko wa ugali, akaona ni dhambi, akawasha.

Kusema kweli jiko lilipika. Kwa saa tatu feni ilivuma polepole, moshi ukatambaa chini chini juu ya nyasi, na mbavu za mbuzi zikatoka nyekundu, laini, zinaachia mfupa zenyewe. Océane, binti yao wa miaka sita, alipiga makofi. Meza ilikuwa ya viti vinne. Wakaketi watatu, wakaombea chakula, na Gracieuse alikuwa ndiyo kwanza amepeleka tonge la kwanza mdomoni aliposikia mtu akikohoa nyuma ya uzio wa majani. Kilikuwa kikohozi cha mzee mwenye adabu, cha mtu anayetaka ajulikane kwamba yupo.

Sasa Gracieuse alizaliwa katika nyumba ambayo hutafuni mbele ya mtu usimwite. Adabu ikamtangulia akili. Bila hata kuinua kichwa akasema:

"Karibu, papa, tukule!"

Kikohozi kikanyamaza. Ndipo akakumbuka kwamba nyuma ya uzio ule hakuna njia wala jirani, kuna ukuta wa gereji, na kati ya majani na ukuta haipiti hata paka aliyeshiba.

Moshi, uliokuwa ukielekea kwa jirani, uligeuka ukaja mezani, na ndani yake mlikuwa na harufu nyingine isiyo ya nyama: tumbaku ya kiko, na koti la sufu lililolowa mvua. Kiti cha nne kilikwaruza sakafu kidogo tu, kama mtu anayeketi bila kutaka kusumbua. Océane aliweka mfupa chini, akaficha mikono makwapani.

"Maman, nasikia baridi," alisema.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutaja mgeni wa namna gani.

Jumapili mtoto aliamka na digrii thelathini na sita kasoro. Jumatatu thelathini na tano. Hakuwa na mafua, hakutapika, hakuumwa popote; alikuwa anapoa tu, kama chai iliyosahauliwa. Gracieuse alimvika soksi mbili mbili, akamlaza kifuani pake, na kadiri alivyomkumbatia ndivyo vidole vya mtoto vilivyozidi kuwa vya bluu. Ile harufu ya koti lililolowa ilikuwa imehamia ndani. Aliikuta koridoni, akaikuta bafuni, na usiku wa Jumatatu aliikuta kwenye mto wake mwenyewe, upande asiolalia, akaogopa mpaka meno yakagongana. Anaclet alilisukuma jiko mpaka barabarani akaliacha na karatasi iliyoandikwa "chukua". Brussels kitu kizuri hakilali nje. Kabla ya saa moja kupita jiko lilikuwa limekwenda. Harufu haikwenda.

Jumanne Gracieuse akiwa kazini, Anaclet alimkimbiza mtoto hospitali. Huko Océane alipata joto ndani ya saa moja, akadai frites, yaani chipsi, akamchora daktari na masikio makubwa. Anaclet alilia kwa furaha. Saa kumi Gracieuse aliwasili mbio na sare yake ya kazi, akamnyanyua binti yake, akambusu shingoni. Mashine ilianza kulia kabla hajamweka chini. Trente-cinq. Trente-quatre virgule huit, thelathini na nne nukta nane. Manesi wakaja na blanketi za hewa moto, wakamtoa mama nje ili wapate nafasi, na mtoto akapanda tena. Gracieuse akaingia. Mtoto akashuka.

Ilikuwa hivyo siku mbili. Anaclet aliona kabla ya wote, akanyamaza, maana ni mume gani atamwambia mkewe neno kama lile? Akaja kulisema daktari, tena kwa upole: hajui ni kwa nini, damu ya mtoto ni safi, ila joto likishuka mara nyingine namna ile hawezi kuahidi kwamba moyo utahimili. Hakumtazama Gracieuse aliposema hivyo.

Gracieuse alirudi nyumbani peke yake. Alitembea akilia waziwazi barabarani. Mlangoni alimkuta maman Rolande, shangazi wa Anaclet, anayeuza pondu, yaani kisamvu, na samaki wakavu kwenye barabara ya chaussée de Wavre, amekaa ngazini na kikapu chake. Anaclet alikuwa amempigia simu.

"Ingia jikoni," alinong'ona Rolande. "Usiseme na nguvu. Nasikia harufu yake hapa."

"Maman, ni miye. Ni miye naua mutoto wangu."

"Hapana weye. Ni ule anakufuata. Niambie vile ilianza."

Gracieuse akamweleza jiko, kijiti, kikohozi. Alipofika kwenye neno karibu, Rolande alifumba macho.

"Mulimupa sahani?"

"Sahani gani? Hatukuona muntu!"

"Donc ulimuita mezani, akaikala, mukakula mbele yake. Muntu alikufa na njaa ya kukula na bantu, na weye unamunyima. Alijitafutia joto ya kukula. Mutoto njo alikuwa karibu na kiti yake."

"Tuite pasta?"

"Pasta atapiga kelele. Mugeni mwenye aliitwa hafukuzwe na kelele." Rolande alifungua kikapu, akatoa nyama ya mbuzi iliyokwisha kupikwa, bado inatoa mvuke. "Atakula, alors utamusindikiza. Weye ulimuita. Kwake ni Auderghem, na barabara ni moja. Utafika naye njia panda ya La Chasse, utamuaga, utarudia. Usimuangalie."

Wakaandaa uani. Ilikuwa saa mbili jioni na jua lingali kwenye mapaa, mchana kabisa, watoto wa jirani wakicheza mpira upande wa pili, na ndiyo maana Gracieuse aliogopa zaidi, kwa sababu giza lingemficha na yeye pia. Aliweka sahani mbele ya kiti cha nne. Akaketi mkabala nacho, akatazama mikono yake.

"Karibu, papa," alisema. "Kula. Utusamehe."

Mvuke uliokuwa ukipanda kutoka kwenye nyama ulikatika ghafla kana kwamba mtu ameweka kiganja juu yake, kisha mafuta yakaganda meupe kuanzia ukingo wa sahani kuja katikati, polepole, tonge kwa tonge, na Gracieuse akasikia karibu kabisa na uso wake pumzi za puani za mtu anayekula, mzee, mwenye meno machache, asiye na haraka, anayekula kama mtu aliyesubiri miaka kumi na moja na sasa hataki chakula kiishe. Rolande alikuwa akisali kimoyomoyo, midomo ikimtetemeka. Kiti kikakwaruza.

"Ameshiba," alinong'ona. "Enda naye. Sasa."

Gracieuse alishika chaussée de Wavre kuelekea Etterbeek. Maduka ya vitenge yalikuwa yakifunga, vijana wa saluni wamesimama mlangoni na chupa zao. Aliachia nafasi ya mtu mmoja upande wa kushoto, na nafasi ile haikukaliwa na yeyote. Watu waliokuja mbele yao walikwepa bila kujua kwa nini, na mwanamke mmoja alimsukuma mbali mtoto wake wa kwenye kigari. Hatua alizisikia. Zilikuwa za kuburuza kidogo, za viatu vya nyumbani. Akamzungumzisha, kama mgeni anavyozungumzishwa njiani: kwamba mvua imekawia mwaka huu, kwamba mbuzi wa buchani Matonge ni ghali lakini ni mzuri, kwamba ana binti wa miaka sita, anaitwa Océane, anapenda kuchora, na kwamba papa, nakuomba, mutoto ule mudogo, umuachilie. Harufu ya sufu ilimgusa shavu.

La Chasse taa zilikuwa nyekundu. Tram ilipita. Gracieuse alisimama pembeni mwa njia panda, akatazama lami, akasema maneno aliyofundishwa.

"Papa, tumefika. Miye narudia hapa. Ukwende muzuri. Asanti ya kututembelea."

Akasubiri. Taa zikawa kijani, na zile hatua zikashuka ukingoni, zikavuka, zikaburuza upande wa pili na kupotelea kwenye kelele za magari. Shavu lake likapata joto la jua. Gracieuse alicheka kwa sauti, peke yake, watu wakamtazama, hakujali. Akageuka akaanza kukimbia kurudi, si nyumbani, hospitali, kwa mwanawe.

Alikuwa amepita milango kama ishirini hivi aliposikia nyuma yake viatu vya nyumbani vikiburuza, akajiambia ni mtu tu, Brussels haikosi wazee, akaongeza mwendo, navyo vikaongeza, akavuka barabara bila kutazama na vikavuka, akaingia kwenye duka la mboga na kusimama kati ya makreti ya nyanya akihesabu pumzi zake, na alipotoka vilikuwa vinamsubiri mlangoni kwa adabu yote, vikaja upande wa kushoto, vikashika mwendo wake, na hapo ndipo alipoelewa kwamba kwao Bukavu watu wanaopendana hawasindikizani mara moja. Huyu humpeleka yule mpaka njia panda, na yule, kwa heshima, humrudisha huyu mpaka mlangoni, kisha wanaanza upya, wanaweza kufanya hivyo mpaka jua lizame, na mzee huyu alikuwa amekaa nyumbani kwao karibu wiki nzima akiwasikiliza na kujifunza namna wanavyoishi.

Rolande hakuliwaza hilo. Nani angeliwaza?

Simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa ya Anaclet, lakini sauti ilikuwa ya mtoto.

"Maman! Docteur anasema trente-sept! Nimekula yote. Unakuya saa ngapi?"

Nyuma ya mtoto Anaclet alikuwa akiuliza, kwa kunong'ona na kwa haraka, kama mambo yamekwisha, kama mgeni ameenda. Gracieuse alifungua mdomo amwambie ndiyo. Hospitali haikuwa mbali, dakika ishirini kwa miguu. Angeweza kusimama tu kwenye mlango wa chumba, amwone kwa mbali, sekunde moja. Akakumbuka jinsi mashine ilivyolia. Kiungo kwa kiungo mwili mzima ulimtaka aende, na alijichukia kwa kusimama.

"Lala vizuri, mama yangu," alisema. "Maman anasindikiza mugeni."

"Mupaka wapi?"

Aliitazama barabara. Ilishuka, ikapanda, ikaendelea mbele kwenye miti, mahali asipopajua.

"Mupaka kwake."

Akamwambia Anaclet maneno mawili matatu, akazima simu ili asijaribiwe. Jua lilikuwa bado kwenye mapaa. Gracieuse akageuka akashika tena njia ya Auderghem, na zile hatua zikageuka pamoja naye. Alitembea polepole, kwa sababu mwenzake alikuwa mzee.