Aliyoyaona Mjomba Alipomwosha Mume Wangu

Nina miaka arobaini na kitu, mjane, naishi Jadida hapa Wete. Nimechoka, wasomaji wenzangu... Si kwa kazi. Nimechoka kulifikiria jambo moja miaka yote hii.

Mume wangu Makame alikuwa mtu wa Mrima, pwani ya bara. Kabla ya vita vikuu vya dunia alikwenda kwao kumzika mama yake. Alipotaka kurudi, kukawa na ndui, na kila anayevuka kuja Pemba lazima awekwe karantini. Huku karafuu zimeshaiva, nani azichume? Basi akapanda jahazi la nahodha mmoja aliyezoea kuvusha wachumaji kwa siri. Jina lake silitaji. Tulimjua, tulimwamini!

Kumbe walipokaribia, nahodha aliogopa kuonekana na askari wa forodha. Akawashindilia watu wote chini ya sitaha, akafunga kifuniko na kupanga magunia ya mbata, nazi kavu, juu yake. Alipofungua, Makame wangu alikuwa maiti.

Nahodha akaapa kwamba Makame alipanda na homa, na homa ndiyo iliyomuua. Na wale waliokuwa naye chini? Wote walitokomea mashambani. Nani angejitokeza, naye kaingia kwa magendo?

Sisi tukafanya yanayofanywa. Mjomba wangu, Mzee Shaame, ndiye mwosha maiti wa mtaa wetu. Aliosha, alikafini, na alasiri tukazika. Daktari wa serikali alifika kutoka Chake Chake kuuchunguza mwili, watu wanarudi kutoka makaburini. Akataka kaburi lifukuliwe... Wazee hawakutaka hata kusikia.

Kesi ilisikilizwa nimeshatoka eda. Nahodha alikubali kosa la kuvusha watu. Hakimu akasema kilichobaki ni adhabu tu, lakini hawezi kumhukumu kwa kifo ambacho hakikuthibitishwa. Ikijulikana kwamba kufungiwa kule ndiko kulikomuua Makame, nahodha atakaa jela miaka mingi. Isipojulikana, atafungwa kwa magendo peke yake. Je, yuko aliyeuona mwili?

Yuko! Nilimtazama mjomba akipanda kizimbani, moyo ukanitulia kidogo. Huyu ndiye aliyenilea.

Akaulizwa aliona nini. Akaulizwa tena.

"Bwana Hakimu, mie ni mwosha," alisema. "Nnayoyaona kwa maiti ni amana yake. Siyasemi."

Wakambembeleza, wakamtisha, hakutoa neno. Hakimu akasema basi, shaka ni ya mshitakiwa. Nahodha akapewa miezi michache, na karafuu za msimu uliofuata zilimkuta mtaani, anasalimia watu.

Siku ile ile ya hukumu mjomba alikuja kwangu. Alikaa barazani, hata maji hakuyagusa.

"Makame alikuwa hana kucha, mwanangu," aliniambia. "Zimeng'oka zote. Vidole vimejaa vibanzi vya mbao."

Mume wangu alikuwa akikwangua kile kifuniko!

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya hakimu.

"Niseme alikufa akihangaika vile? Watu watasema hakuwahi kutoa shahada. Nimemsitiri mumeo."

Mjomba hakula rushwa, hakuogopa mtu. Alinipenda, na alimpenda Makame. Hilo ndilo linalonichosha hadi leo, kwamba siwezi hata kumchukia vizuri.

Baadaye nilimwendea shehe mmoja, nikamweleza yote. Aliniambia kwamba dhulma aliyotendewa maiti si aibu yake, na aliyeiona alipaswa kuisema. Nilirudi nyumbani nikalia upya.

Ndugu zangu, nawaombeni, msivuke kwa njia za siri, hata karafuu zikianguka zote. Bora karantini. Anayekuficha leo ndiye atakayekukana kesho.

Nanyi waosha, funikeni aibu za maiti, Mungu atawafunika. Lakini mkiona mkono wa mtu mwingine katika mwili ule, semeni! Mjomba wangu amekufa akiamini kwamba alimsitiri Makame. Sikuwa na moyo wa kumwambia kuwa aliyesitirika ni nahodha.