Ukuta wa Chaki

Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuthubutu kupiga mswaki, ilibidi magodoro yapandishwe juu ya kabati na kiti cha magurudumu cha bibi kisukumwe nje, ili pawe na mahali pa kusimama. Waliishi mama, bibi na mtoto katika chumba kimoja. Mmoja akipiga chafya, mwingine alijifuta pua. Kazi ya magodoro ilikuwa ya mtoto, msichana wa darasa la sita ambaye mtaa mzima ulimwita Kiherehere, jina alilolipata kwa jasho lake mwenyewe.

Jumamosi moja walimaliza kazi mapema, wakaenda kwenye ghala kuukuu nyuma ya soko. Huko msanifu majengo, mwanamke mwembamba aliyechomeka penseli nyweleni, alikuwa amechora sakafuni kwa chaki nyumba za ghorofa ambazo wao na majirani zao wangehamia. Hakuzichora ndogo kama za karatasini. Vyumba, jiko, choo na milango vilikuwa na ukubwa wake halisi. Kiherehere alisimama kinywa wazi. Jengo ambalo halijapata hata tofali moja lilikuwa limelala miguuni pake kama jitu lililosinzia.

“Leo mtaishi humu mpaka mchana,” msanifu alisema. “Pikeni, laleni, gombaneni. Panapobana niambieni, tubadilishe. Sharti ni moja tu: chaki ni ukuta, na hakuna kupita ukutani.”

Na watu wazima wakatii! Muuza nyama, ambaye hata mbwa wa mtaa walimwogopa, alisimama mbele ya mstari wa chaki akabisha hewani, akasubiri mkewe amfungulie mlango usiokuwepo. Mama alikoroga sufuria tupu kwa makini kama ina mchuzi wa harusi. Kiherehere peke yake ndiye aliyekatiza kuta kama mzimu.

“Wewe mtoto, pita mlangoni!” mama alifoka.

“Si nimeshafika, mama?”

“Umefika chooni, na kuna mtu!”

Hatimaye alifika chumbani kwake, akajilaza na kunyoosha mikono. Kilikuwa chumba chake cha kwanza duniani. Alishukuru sana, kwa muda wa kutosha kupiga miayo. Kisha tamaa ikaingia, na yenyewe haikupita mlangoni. Watu walipokwenda kunywa chai, alifuta mstari kwa soksi yake, akauchora upya hatua moja ndani ya chumba cha bibi. Meza ya kusomea itaenea, alijiambia, na mahali pa kucheza dansi patapatikana. Bibi mwenyewe hachezi.

Zamu ya bibi ikafika.

“Mke mwenzangu, nisukume nikaone kasri langu,” alimwambia mjukuu wake.

Aliingia vizuri. Alipotaka kugeuza kiti, gurudumu likavuka chaki. Akarudi nyuma, akajaribu tena, gurudumu la pili likavuka.

“Haidhuru,” bibi alisema, lakini mikono yake iliyabana magurudumu. “Nyumba hii ni ya wenye miguu. Nyie hamieni. Mimi nitakwenda kukaa kwa dada yangu.”

“Mama, usiseme hivyo,” mama alimsihi.

Msanifu alipiga magoti na tepu yake ya kupimia, akapima, akakunja uso. “Kosa ni langu. Nilipima vibaya. Nisamehe, bibi.”

Kiherehere, aliyekuwa na jibu la kila swali darasani, hata asiloulizwa, aliangalia soksi yake iliyojaa chaki. Angeweza kunyamaza, maana chaki haina mdomo. Lakini bibi angeondoka. Nani tena angemwita mke mwenzangu?

“Ni mimi,” alisema. “Nimesogeza ukuta. Nilitaka chumba kikubwa.”

Mama akashika kiuno. Muuza nyama akadakia: “Huyu angeachiwa mpaka jioni, angekula na nguzo!”

Bibi alimgeukia mjukuu wake. “Nimeona mengi,” alisema, “lakini kuibiwa nyumba na mke mwenza kabla haijajengwa, hilo ni jipya.”

Watu wakacheka. Kiherehere akalia.

Msanifu hakucheka. “Asubuhi niliomba mniambie panapobana. Mbona wewe hukuniambia?” Hakungoja jibu. Alikwenda pembeni, akarudi akisukuma mbao nyepesi zilizoungana kwa bawaba, zenye vigurudumu chini. “Nguzo na mabomba havisogei. Lakini ukuta huu wa kati yenu si lazima uwe wa tofali.”

Alizisimamisha mbao juu ya mstari wa zamani: vyumba viwili. Akazikunja: chumba kimoja kipana, chenye madirisha pande mbili. Akazikunjua tena. Ukuta ulikwenda na kurudi, na ghala zima likavuta pumzi. Kiherehere alisahau kulia. Siku zote alidhani nyumba huwapangia watu pa kukaa. Hakujua kwamba nyumba nayo inaweza kuwasikiliza.

“Mchana mnaukunja, usiku mnaufunga,” msanifu alisema. “Mtapatana wenyewe.”

Bibi alisogea katikati, akageuza kiti duara zima, kisha akaongeza la pili kwa maringo. “Mnaiona hiyo dansi?” aliuliza.

Msanifu akampa Kiherehere kitambaa. “Sikiliza, mwanangu. Ukuta wa chaki ukikosewa, hufutwa kwa kitambaa. Wa zege hubomolewa kwa nyundo, na vumbi lake humwingia kila mtu. Udanganyifu nao ni hivyo hivyo. Wako umeuungama ungali chaki, umefanya vema. Siku nyingine ukitaka nafasi, iombe. Humu ndani tulikuwa tumekuja kuulizana.”

Kiherehere aliufuta mstari wake wote, mpaka magoti yakawa meupe. Kisha akatoka, akazunguka kupitia ukumbini na jikoni, akafika mbele ya mlango wa bibi, akabisha hewani.

“Hodi!”

“Nani?” bibi aliuliza, akijifanya anapapasa ufunguo.

“Mke mwenzako.”

“Subiri nifungue.”

Na Kiherehere, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasubiri.