Fortunat, Asilimia Mia

Basi la Cankuzo lilikuwa limeshaanza kutoka kituoni Kamenge, kondakta ananing'inia mlangoni, Orlane alipomwona Fortunat dirishani. Hakuja kumuaga. Alikuja kumnunulia mama yake ndagala, amevaa gauni lake la kitenge cha kijani na viatu vya ofisini. Fortunat kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, utadhani anakwenda misa, kumbe anakwenda kuchimba visima milimani.

Lori la ndizi likaziba njia. Basi likasimama.

"We Orlane! Umekuja kuhakikisha nimeondoka?"

"Apana. Nimekuja kununua samaki."

"Basi samaki wana bahati kunishinda mimi."

Kwenye shirika la maji walikofanya kazi wote wawili, Orlane ndiye aliyepanga watu: nani aende mradi upi, kwa asilimia ngapi ya muda wake. Maxime hamsini Cankuzo, hamsini Bubanza. Chanelle themanini. Yeye na Fortunat walikuwa wapenzi mwaka na nusu, lakini ofisini waliitana "madamu" na "bwana". Na kwa kuogopa kusemwa kwamba anampendelea, kila pengo alilijaza kwa jina la Fortunat. Desturi ya ofisi ilimsaidia: mwenye ndoa hapelekwi mkoani zaidi ya wiki mbili, asiye na ndoa ndiye wa kwenda. Fortunat, asilimia mia, miezi minane.

"Niliomba konje, mapumziko ya siku tatu tu, sheri," alisema Fortunat. "Ukaikataa."

"Uliandika 'mambo ya familia'. Kila mutu anaandika hivyo! Mi sikuwa na mutu wa kukushikia nafasi."

"Shangazi yako Dorothée hakukuambia?"

"Aliniambia nisuke nywele kabla ya Jumamosi. Nikadhani ni ubatizo wa pale jirani."

Fortunat akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Wajomba zangu walifika kutoka Muyinga, wamevaa makoti. Tulikuwa tuje kwenu Ngagara kufata irembo, tubishe hodi kwa heshima, tuseme tunataka binti. Shangazi yako ndiye aliyetupa siku. Nilijua unajua. Nilipoona konje imekataliwa, na sahihi yako chini, nikasema basi, amejibu. Wajomba wakala, wakarudi kwao."

Orlane aliutafuta uchungu, hakuukuta. Ilikuwa kama jino lililochomwa sindano ya ganzi: lipo, ila ukiligusa unaona unagusa la mtu mwingine.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema.

"Nikuulize vipi? Ulikwisha andika." Kisha sauti ikashuka. "Sema nishuke, Orlane. Begi ni moja tu. Sema, nishuke sasa hivi, wajomba nitawaita tena."

Mbele, dereva wa lori alikuwa amerudi kwenye usukani. Orlane alitaka kusema shuka. Lakini kichwa chake, kwa mazoea ya miaka mitatu, kilikuwa kimeshaanza: Maxime mke wake anajifungua mwezi huu. Chanelle hana nafasi. Anabaki nani?

"Nani atakwenda badala yako?" akauliza.

Fortunat akacheka, bila ubaya.

"Umepanga vizuri, madamu."

Lori likasogea. Basi likaondoka. Orlane akanunua ndagala kilo moja, akasahau chenji, akaitwa, akarudi kuichukua.

Visima kumi na vinne vilimalizika kwa wakati. Mke wa Maxime alijifungua mtoto wa kike. Fortunat alipiga simu mara mbili, wakaongea juu ya mabomba. Mwaka uliofuata alioa mwalimu wa Cankuzo, akabaki huko. Chanelle aliacha kazi, anashona nguo Carama. Shangazi Dorothée alimlaumu Fortunat, na hakuna aliyembishia. Orlane yupo ofisini bado, chumba kilekile. Zamani alipanga watu kumi na tisa. Sasa ni thelathini na mmoja.