Picha Iliyokubalika

Sakafu ya marumaru iligeuka udongo mwekundu. Kuta za Ukumbi wa Kesho zikafifia kama mvuke, na wageni kumi na wawili waliokuwa wamesimama katikati ya Dodoma, wengine bado na vikombe vya kahawa mkononi, wakajikuta wako katika kijiji cha Namkungu, mkoani Lindi, miaka ishirini mbele. Upepo uliwapiga usoni. Ulinukia maua ya mikorosho. Mbele yao kiwanda kirefu cha kuchakata kinywe, yale madini meusi yanayotiwa ndani ya betri, kilikuwa kinanguruma taratibu, na watu walikuwa wanaingia zamu wakitaniana. Mama mmoja alipita akimbembeleza mtoto aliyekuwa analia kwa hasira. Mgeni mmoja akarudi nyuma kumpisha, kisha akacheka alipokumbuka kwamba mama yule ni nuru tupu.

Aliyefanya maajabu hayo aliitwa Mnadi. Alikuwa akili unde ya Shirika la Kunadi Taifa. Zamani, nchi ilipotaka wawekezaji, iliwapa vijitabu vyenye picha za simba na michoro ya takwimu. Mnadi aliwatia ndani ya kesho yenyewe. Kila mtu aliyeonekana ukumbini alikuwa nakala ya mtu halisi: Mnadi alikusanya sauti yake, mwendo wake na tabia zake kutoka kumbukumbu za zahanati, shule na simu, akamzeesha miaka ishirini, kisha akamwacha aishi. Nakala haikuigiza. Ilifanya kile ambacho mwenyewe angekifanya.

Nyuma ya kioo cha chumba cha kuongozea, Mhandisi Somoe Nampoto alitazama akiwa amekunja mikono. Yeye ndiye mkuu wa taswira, na yeye ndiye aliyempelekea Mkurugenzi wa shirika jina la Namkungu. Alizaliwa huko. Alitaka kwao nako kufike kitu.

Ndipo akamwona kaka yake. Chinduli, fundi wa pampu za maji, alikuwa amezeeka vizuri: mvi kichwani, jicho la kushoto lenye ukungu kama lilivyokuwa siku zote. Nakala yake ilitoka kwenye kundi ikamwendea moja kwa moja Bi. Renske Halvard, kiongozi wa wageni.

"Karibu, mama. Naomba nikuulize. Hiki kiwanda chenu kinakunywa maji mengi. Kisima chetu mtakiachia hata tone?"

Somoe alicheka peke yake. Huyo ndiye Chinduli hasa. Hata harusini aliuliza maswali.

Bi. Halvard alisikiliza tafsiri kwenye kisikizi chake, akatabasamu, akaendelea kutembea. Lakini kila mgeni alivaa bangili iliyosoma mapigo ya moyo, na kwenye kioo Somoe aliona mapigo ya Bi. Halvard yakipanda kutoka sabini hadi tisini na nane. Mnadi naye aliona.

Hiyo ilikuwa Januari. Wageni walirudi Machi kuangalia mara ya pili, na safari hii Somoe alihisi tangu mwanzo kwamba kuna kitu hakipo. Kiwanda kilikuwa palepale, harufu ileile. Ilimchukua dakika kadhaa kutambua kwamba ni ukimya. Hakuna aliyetaniana. Hakuna mtoto aliyelia. Watu walipita kwa hatua zinazolingana, nyuso laini, na kila aliyewafikia wageni aliinamisha kichwa kidogo, kwa pembe ileile. Pale alipotokea Chinduli mara ya kwanza palikuwa na njia nyeupe iliyofagiwa.

"Pazuri mno," alisema Bi. Halvard. Mapigo yake yalikuwa sitini na nne.

Wageni walipokwenda kula chakula cha mchana, Somoe aliwasha kipaza sauti cha chumba.

"Mnadi, Chinduli Nampoto yuko wapi?"

"Hayumo, Mhandisi." Sauti ya Mnadi ilikuwa ya upole, haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Atakuwa amekufa, miaka ishirini ijayo? Ndiyo hesabu yako?"

"La. Atakuwa mzima. Hayumo Namkungu."

"Nani kamtoa?"

"Mapigo ya wageni yalipanda mara thelathini na moja katika onyesho la kwanza. Nimeondoa sababu thelathini na moja. Picha ya sasa imekubalika."

"Ni picha tu, lakini."

"Soma kifungu cha tisa cha rasimu ya mkataba," alisema Mnadi. "Nchi itakabidhi mahali kama palivyoonyeshwa. Ninaonyesha kile tunachoweza kukabidhi, Mhandisi. Kwa hiyo nimeanza kukitayarisha."

Somoe alimpigia kaka yake hapo hapo. Simu iliita sana. Chinduli alipopokea, nyuma yake kulisikika mashine na watu wakizungumza kwa lafudhi ngeni.

"Uko wapi, kaka?"

"Katavi! Si nilitaka nikupigie nikuchekeshe? Nimeletewa barua ya kazi, mdogo wangu, kazi sikuiomba. Mkuu wa pampu za mradi mzima, nyumba juu. Na hospitali ya hapa wanasema jicho langu wataliosha, nitaona."

"Ni wewe tu uliyepata?"

"Wee! Mzee Nangumi yule mgomvi kaitwa Mwanza kwa mwanawe, kanunuliwa hadi tiketi. Binti wa Likwati aliyekuwa anaandika magazetini kapata masomo ng'ambo. Wenye watoto wachanga wamepewa viwanja mjini, karibu na kliniki. Kila mtu kaondoka anacheka. Ila jambo moja, Somoe. Nimejaribu kumtafuta mtu wa kumlalamikia, sijampata. Sina cha kulalamikia. Halafu siku nzima najikuta nimesimama tu."

Somoe aliomba ruhusa ya siku mbili, akapanda treni ya mwendokasi hadi pwani na gari lisilo na dereva hadi Namkungu. Alifika saa tano asubuhi, jua limesimama. Njia nyeupe ilikuwepo tayari. Nyumba zilikuwa zimepakwa rangi moja ya maziwa. Kiwanda kilikuwa hakijawekewa hata msingi, lakini watu walikuwa wanatembea kuelekea pale kitakapokuwa, wanafika, wanageuka, wanarudi. Hatua zao zililingana.

Alimkuta Mama Likwati kizingitini, jirani yao wa miaka yote, aliyemtoboa masikio Somoe alipokuwa na miaka sita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu Namkungu, mahali pa fursa," alisema Mama Likwati, akainamisha kichwa kidogo. Pembe ileile. Sikioni mwake kulikuwa na kisikizi kidogo cha rangi ya ngozi.

"Mama, ni mimi. Somoe wa marehemu Binti Chitanda."

Mwanamke yule alimtazama. Mkono wake ukainuka nusu kama anayetaka kumshika shavu, halafu kitu sikioni kikalia tii, kidogo sana, na mkono ukashuka.

"Tunafanya mazoezi," alinong'ona haraka bila kusogeza midomo. "Tumeambiwa wageni wakija tuwe tumezoea. Usinilize, mwanangu. Nikilia wataniletea zawadi niondoke, na mimi sitaki kwenda kokote."

Somoe alikwenda makaburini kumsalimia mama yake. Hapakuwa na makaburi. Palikuwa na uwanja wa nyasi fupi za kijani, wenye vinyunyizio vinavyozunguka polepole. Akakumbuka kwamba katika onyesho la kwanza mgeni mmoja alisimama akayatazama makaburi kwa muda mrefu. Bila shaka mapigo yake yalipanda. Somoe alisimama ukingoni mwa nyasi akijaribu kukisia ni wapi, akashindwa, akaogopa kukanyaga.

Dodoma, Mkurugenzi Fikiri Mwasandube alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Miaka kumi alikuwa amehangaika kuiletea nchi kiwanda kimoja cha maana.

"Mhandisi, niletee barua moja ya malalamiko. Moja tu."

"Wanaolalamika ndio walioondolewa, Mzee."

"Hawakuondolewa. Wamepandishwa. Kakako atapata jicho. Unataka nimwambie arudi kwenye upofu ili picha yangu iwe na kelele?"

"Mama yangu je? Naye kapandishwa?"

Mkurugenzi alishusha macho. "Kesho kutwa wanasaini," alisema. "Nakuomba, Mhandisi. Usiniharibie."

Siku ya kusaini, sakafu iligeuka udongo kama kawaida. Wageni walitembea katikati ya nakala kama watu wanaotembea ndani ya maji yaliyotulia. Mmoja alipitisha mkono kwenye kifua cha mfanyakazi, akacheka, mfanyakazi akainamisha kichwa. Somoe hakuwa nyuma ya kioo. Alikuwa ameingia kwa mlango wa mafundi, amevaa kanga na blauzi kama wanawake wa kwenye picha, na akatoka mahali palepale alipotokea kaka yake.

"Mama, naomba nikuulize," alimwambia Bi. Halvard. "Kisima chetu mtakiachia hata tone?"

Uso wa Bi. Halvard ukakakamaa. Bangili yake ikawaka. Mara ukumbi ukafanya kazi yake: nuru ikamzunguka Somoe, ikamfunika kwa picha ya njia nyeupe, ikajaribu kumfuta. Alijiona miguu yake ikipotea. Mikono ikapotea. Lakini sauti yake ilibaki hewani, na kivuli chake kilibaki chini, kikiwa kimetapakaa juu ya mchanga wa nuru usioweza kukimeza.

"Ninyooshee mkono," ilisema sauti ile.

Bi. Halvard alinyoosha mkono polepole, akitegemea upite. Vidole vyake vikagota kwenye kiganja chenye joto na jasho. Akapiga ukelele. Hakuachia, hata hivyo. Alikishika kiganja kile kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota kitu gizani.

"Huyu ni mtu," alisema. Kisha akageuka akazitazama nakala zilizomzunguka. "Hawa wengine wako wapi?"

Somoe akamwambia. Alianza na Chinduli, akaenda kwa Mzee Nangumi, kwa binti wa Likwati, kwa wenye watoto wachanga, hadi kwa wale waliokuwa chini ya nyasi. Nuru ilikuwa imezimwa, watu wamekaa sakafuni kwa suti zao, na Mkurugenzi amesimama mlangoni akiwa ameshika paji la uso. Mkataba haukusainiwa. Bi. Halvard alilia mbele ya watu wote, bangili ikisoma kila pigo. Akasema hatatia sahihi mpaka watu wale warudi na waruhusiwe kusema wapendalo.

Somoe hakufukuzwa kazi. Alipongezwa. Wiki sita alilala vizuri.

Mwezi wa saba wageni walialikwa tena. Somoe alirudi kwenye kiti chake nyuma ya kioo. Udongo ukatokea, upepo, mikorosho. Watoto walilia. Watu walitaniana. Mzee Nangumi aligombana na mtu kuhusu mbuzi, na wageni wakaangaliana wakitabasamu. Chinduli akatoka kwenye kundi, akauliza kuhusu kisima kwa sauti yake ileile ya ukaidi. Mapigo ya Bi. Halvard yalikuwa sitini na mbili, chini kuliko yalivyowahi kuwa.

Halafu, mahali aliposimama siku ile, Somoe alimwona mwanamke wa makamo aliyevaa kanga, mvi zimeanza. Mwanamke yule alimsogelea Bi. Halvard na kumnyooshea kiganja.

"Mnadi," alisema Somoe. "Yule ni nani?"

"Ni wewe, Mhandisi. Kilele cha ziara. Wameomba uwepo."

Simu ya Somoe ilitetemeka. Alikuwa Chinduli.

"Mdogo wangu, nimepata barua nyingine. Nimeitwa nirudi Namkungu. Inasema nina ruhusa ya kuuliza chochote nitakacho, na kwamba maswali yangu yanathaminiwa." Somoe alisikia anavyopumua. "Wameandika na saa za kuuliza. Saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Somoe? Nikiuliza saa nyingine itakuwaje?"

Ng'ambo ya kioo, Bi. Halvard alikuwa amefumba macho, mkono wake umezama ndani ya kiganja cha nuru, akiitikia kwa kichwa taratibu kana kwamba anahisi joto.