Kitabu Kisichosomwa kwa Sauti

Ukitaka kitabu cha kukuonyesha mambo ya kale kama unayaona, rafiki yangu Yotham anacho kimoja, ila atakuonya usikisome kwa sauti. Basi sisi tuliojua kusoma tukiwa na mvi, kusoma kimya hatuwezi.

Alikiazima kwa mwalimu wa misheni, reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma. Jioni akamsomea mama yake ndani ya tembe, nyumba yao ya udongo. Kilieleza misafara ya pembe za ndovu iliyopita Ugogo. Msafara kama huo ndio uliomchukua kaka yake Yotham, Mazengo, akabebe mizigo, asirudi.

Akasoma, "Wapagazi wakafika, wana kiu."

Nje wakasikia miguu mingi ikiburuzwa vumbini. Yotham akanyamaza. Miguu nayo ikasimama mlangoni.

"Mbona umeacha?" mama akauliza.

"Maneno magumu, mama."

"Mwongo wee, unaogopa. Wape maji. Huenda mwanangu yumo."

Yotham akatoa mkono gizani na kibuyu kilichojaa. Hakuna aliyekigusa, wala hakusikia mtu akimeza. Lakini kibuyu kikazidi kuwa chepesi, polepole, mpaka kikabaki kitupu mkononi mwake. Akapapasa chini mlangoni. Vumbi lilikuwa kavu.